Dakika 35 za Hewani: Kavumu na Shabunda

Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa Bukavu, Septemba 2022

Jambo kwa wa Kadutu, wa Ibanda, wa Bagira, na kwa wale waliotoka Panzi kwa miguu ju motari amekataa kupita kwenye matope. Asanti kwa kuacha kazi za Jumamosi. Leo hatukuja kupiga kelele. Tulikuja kufanya hesabu pamoja nanyi, na hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule ya msingi.

Mwenye telefone na mega ndani, aitoe. Andika Kavumu, andika Shabunda, uliza umbali wa ndege kati ya hivi viwanja viwili. Itakujibu mbio: karibu kilomita 168. Programu zingine zitakupa na saa za safari: dakika 43 ao kitu kama hicho. Mumeona? Wale walioko nyuma wanacheka. Wanacheka ju walishafanya hiyo safari.

Tuelezane kwanza hizo namba zinatoka wapi, ju namba isiyoelezwa njo inatudanganya kila siku. Umbali wa ndege ni mstari unaopigwa juu ya mgongo wa dunia, toka uwanja mmoja mpaka mwingine, bila kuuliza kama katikati kuna mlima, pori, mto ao kamba ya watu wenye bunduki. Na saa za safari zinapatikana kwa njia rahisi zaidi. Programu nyingi zinachukua mwendo wa jeti kubwa, kilomita 800 kwa saa, zinagawanya, kisha zinaongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. 168 gawanya na 800 ni dakika 13. Ongeza 30. Basi, 43.

Lakini jeti gani inatua Shabunda? Uwanja wa Shabunda ni wa udongo. Zinazotua kule ni ndege ndogo zenye mapanga mbele ya mabawa, kama ile Let 410 ya watu 19 ambayo inchi yetu imejaa nayo. Hiyo inaenda kilomita 350 hivi kwa saa. Tufanye hesabu upya: hewani ni nusu saa, na ukihesabu kupanda na kushuka ni kama dakika 35, kama mawingu yamekubali. Kwa hiyo programu inakosea kila hatua na bado inafika karibu na jibu. Mwalimu wa hesabu angeipa sufuri, lakini tusigombane juu ya dakika nane. Tuseme dakika 35.

Na hizo dakika 35 si za kulala. Kavumu iko juu, zaidi ya mita 1,700. Upande wa magharibi, karibu sana, kunasimama Kahuzi, mita 3,308. Ndege iliyobeba mzigo wake wote inapaswa kupanda haraka kuupita huo ukuta, kisha chini ni pori tupu, mti juu ya mti, mpaka mto Ulindi uonekane na paa za bati za Shabunda, zaidi ya mita elfu moja chini ya pale ulipotokea. Kule hakuna chombo cha kumuongoza piloti ashuke ndani ya ukungu. Anatafuta uwanja kwa macho. Akiuona, anatua. Asipouona, anarudi na watu wake, na siku yenu imekufa. Usiku hakuna taa, hakuna ndege.

Sasa tuache hesabu kidogo, tuwaeleze safari moja.

Mwaka jana mwenzetu mmoja katika kundi letu alipigiwa telefone: mama yake ni mgonjwa sana Shabunda. Hiyo ilikuwa Jumatatu saa za jioni. Akakopa makuta kwa watu watatu (wawili wako hapa, na bado hawajarudishiwa, tunawaomba uvumilivu). Jumanne saa kumi na moja ya asubuhi alikuwa ndani ya taksi ya Kavumu. Toka hapa mjini mpaka Kavumu ni kilomita 30 hivi, na hizo peke yake zilimula saa moja na nusu. Mujue basi: kabla hajaona bawa la ndege, alikuwa ameshatumia zaidi ya mara mbili ya muda wa kuruka.

Wakamupima. Wale wasiozoea hizi ndege hawajui, lakini kule mtu anapanda juu ya mizani sawa na gunia la maharagi. Yeye na begi lake walikuwa kilo 71. Akalipa Go Pass, dola 10. Akaketi. Saa nne wakasema Shabunda kuna mvua. Saa nane wakasema mvua imeisha, lakini kuna mfanyabiashara aliyelipia mzigo wake tangu wiki iliyopita, wacha mzigo wake utangulie. Jumatano ndege ilikuwa na shida ya motere. Jumatano jioni akarudi Bukavu kulala, ju kulala Kavumu pia ni makuta. Alhamisi ukungu. Ijumaa wakamuita. Aliketi kwenye kibao cha pembeni, magoti yake yakigusa mifuko ya chumvi na makatoni ya sabuni yaliyofungwa kwa kamba. Alitazama saa wakati magurudumu yalipoacha chini, akaitazama tena yalipogusa udongo. Dakika 34.

Mama walimuzika Alhamisi.

Hatulaumu kompanyi ile, hata jina lake hatulitaji. Piloti aliyekataa kuruka ndani ya ukungu alifanya vizuri. Tunataka tu muangalie hizo namba mbili pamoja: dakika 34, na kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa. Ukiuliza umbali kati ya Kavumu na Shabunda, hiyo ya pili njo jibu.

Mutatuambia: angechukua barabara. Ndiyo. Kuna barabara, iko kwenye karata. Unatoka hapa, unapita Walungu, unafika Burhale, unaingia porini. Ni zaidi ya kilomita 300, karibu mara mbili ya mstari wa ndege. Wazee wetu wanaeleza kwamba zamani kamioni zilikuwa zinafika, na kila kijiji kilikuwa na watu wake wa kukata majani na kufungua mifereji ya maji pembeni. Waliifanya hiyo kazi chini ya fimbo ya Wabelgiji, tusiisifu. Lakini barabara ya udongo inakufa kwa maji, si kwa kitu kingine: mfereji ukiziba msimu mmoja, maji yanapita katikati, msimu wa pili ni shimo, msimu wa tatu daraja la miti limeoza, na kamioni ya mwisho inabaki imezama pale mpaka chuma chake kinauzwa kipande kwa kipande. Leo sehemu kubwa ni moto, baiskeli ya kusukuma, na miguu. Wakati wa mvua ni siku na siku. Na kwenye hizo kamba zinazofungwa njiani, kila moja iko na mwenyewe, na kila mwenyewe anataka chake.

Ju ya hiyo, kule Shabunda ndege si kitu cha bwana mkubwa. Ndege njo kamioni. Chumvi inafika kwa ndege. Sabuni, dawa, daftari za shule, misumari, bati, chupa ya bia, yote yamepimwa kilo kwa kilo kule Kavumu. Sisi hapa mjini tunazoea kufikiri kwamba mtu anayesafiri kwa ndege ni tajiri. Kwa mama muuzaji wa Shabunda ni kinyume: analipia ndege ju hana namna ya kuikwepa. Kila kijiko cha chumvi anachotia ndani ya sombe kimeshalipa tiketi. Mwalimu wa kule analipwa mshahara uleule wa mwalimu wa Kadutu, na ananunua sabuni iliyopita juu ya Kahuzi.

Na wakati wa kurudi, ndege haiko tupu. Teritwari ya Shabunda ni zaidi ya kilomita za mraba 25,000, kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini, karibu ukubwa wa Rwanda nzima. Chini ya udongo wake kuna kasiterite, kuna koltani, kuna dhahabu mpaka ndani ya mchanga wa Ulindi. Vitu hivyo vinabebeka kwa ndege. Gunia moja la kasiterite linaweza kulipa kiti chake. Gunia la muhogo haliwezi. Hapo njo tuko na neno la kuwaambia vijana, mulibebe nyumbani: pale ambapo ndege tu inafika, kinachotoka ni kile chenye beyi kubwa, na kinachobaki kuoza ni kile ambacho raia analima. Mkulima wa Shabunda iko na ndizi, iko na mchele, iko na mafuta ya ngazi. Soko lake ni hapa kwetu, tunaokula mchele uliotoka Asia. Kilomita 168.

Mukumbuke pia Kilambo, kule Walikale. Wakati kasiterite ya Bisie ilikuwa inatoka kwa wingi, ndege zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara ya taifa. Wanasimamisha watu na baiskeli, ndege inashuka, inapakia, inaruka, watu wanaendelea. Barabara ikageuzwa uwanja. Hatujasikia hata siku moja uwanja umegeuzwa barabara.

Kuna jambo lingine, na hili tunalisema polepole ju kuna familia hapa ndani ambazo zinalijua kuliko sisi. Mzigo na maisha vinakutana juu ya mizani ileile. Hewa ya mahali pa juu kama Kavumu ni nyepesi, na mchana jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linashika kidogo, motere inapumua kidogo. Ndege ileile ambayo asubuhi ingeruka vizuri, saa nane na kilo mia mbili za ziada inahitaji uwanja mrefu zaidi. Na uwanja wa udongo uliolowa unakamata magurudumu. Kwa hiyo yule anayeongeza makatoni mawili nyuma ya mgongo wa piloti hafanyi dili ndogo. Anacheza na roho za watu.

Munajua tunazungumza nini. Juni 2021 ndege ndogo ilianguka hapa Kavumu muda mfupi baada ya kuruka, watu 3 wakafa. Desemba ya mwaka uleule ndege ya mizigo iliyokuwa inaelekea Shabunda ikaanguka, watu 5. Kule Goma, tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 iliyokuwa inaenda Beni iliangukia nyumba za watu katika kartie ya Mapendo. Wote waliokuwa ndani walikufa, na wengine waliokuwa kwao wakijiandaa kwenda kanisa. Wale abiria wa Beni walipanda ndege kwa nini? Ju barabara ya Rutshuru na Lubero ilikuwa inawatisha. Walikimbia kifo cha chini wakakikuta juu. Na Bandundu, mwaka 2010, Let 410 ilianguka na watu 21 ndani, akapona mmoja tu. Dunia nzima ilicheka ju ilisemekana kulikuwa na mamba ndani ya begi, watu wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza mizani. Walicheka mamba. Watu 20 walikufa.

Tangu 2006 kompanyi za ndege za inchi yetu ziko kwenye liste nyeusi ya Umoja wa Ulaya. Mzungu hataki kuzipanda, na iko na haki ya kuchagua. Mtu wa Shabunda hana liste yoyote mfukoni. Iko na mizani na kibao cha pembeni.

Sasa makuta. Hapa tunaomba musikilize vizuri, ju kesho mtu atawaambia Leta haina makuta.

Go Pass si zawadi kwa mtu. Tangu 2009 kila anayepanda ndege analipa, dola 10 kwa safari ya ndani ya inchi, dola 50 kwa safari ya inje, na jina lake kwenye karatasi ni pato la kuendeleza viwanja vya ndege. Kuendeleza! Yule mwenzetu alilipa dola 10 za kuendeleza viwanja, akaenda kutua juu ya udongo. Na barabara nayo iko na mfuko wake: FONER, ambao sheria ya 2008 iliuanzisha kutunza barabara, na unapata makuta yake kwenye mafuta. Kila motari aliye ndani ya hii sale, kila ukinunua litre, umeshachangia barabara ya Burhale. Wewe njo unaidai Leta. Usiende pale kama mtu anayeomba msaada.

Tuko na madai gani? Tunataka hesabu ya Go Pass iliyokusanywa Kavumu iwekwe wazi, mwaka kwa mwaka, na kazi iliyofanywa nayo ionyeshwe. Tunataka kujua katika makuta ya FONER ya jimbo letu, barabara ya Shabunda imepata nini. Tunataka mizani ya Kavumu isimamiwe na mtu asiyelipwa na mwenye mzigo. Hiyo haiombi hata dola milioni moja, inaomba aibu tu. Na sasa ambapo Kinshasa wanatuzungumuzia programu ya teritwari 145, tunataka wabunge wa Shabunda waseme mbele ya watu kama ile barabara imo ao haimo. Wakati wa uchaguzi mashine na makaratasi yanapata ndege mpaka kijiji cha mwisho. Tunalijua hilo, wakaaji wa Shabunda wanalijua zaidi.

Watatujibu: usalama. Kule kuna makundi ya silaha, hatuwezi kutuma tingatinga. Hatukatai kwamba makundi yako. Raia Mutomboki walizaliwa palepale Shabunda, na walizaliwa ju watu walikuwa wanauawa na jeshi halifiki. Jeshi lilishindwa kufika kwa nini? Rudini kwenye barabara. Mahali ambapo askari anachukua wiki moja kufika, mwenye bunduki mbili ni mfalme.

Hata katikati yetu hatukubaliani yote. Wiki hii tulibishana mpaka usiku. Mwenzetu mmoja, mtoto wa kule, alituambia: muko mbio na barabara, lakini barabara haileti sabuni peke yake. Italeta msumeno wa miti, italeta kamba mpya za barabarani zenye kofia ya Leta, italeta watu wa mji kununua mashamba ya babu zetu kwa beyi ya pombe. Alisema tuanze na uwanja: changarawe, mifereji, mtu wa kutoa hali ya hewa kwa redio, ili ndege iwe salama leo, si baada ya miaka kumi. Iko na haki kwa nusu. Uwanja unaweza kutengenezwa haraka, na kuna mama atakayezaa wiki ijayo ambaye hawezi kungojea daraja. Lakini nusu ingine hatumupi. Uwanja mzuri bila barabara utazidisha kasiterite, ndizi zitabaki palepale. Tuliandika yote mawili katika barua, uwanja kwanza kwa mpangilio wa siku, barabara kwanza kwa uzito. Kama sentensi hiyo inaonekana imepinda, mujue iliandikwa saa sita ya usiku na watu wenye hasira.

Katiba yetu, kwenye kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye ndani ya inchi haki ya kuzunguka kwa uhuru. Haikusema kwa wenye kupima kilo 71 na kulipa.

Jumatatu, saa tatu ya asubuhi, tunakutana Place de l'Indépendance. Tunatembea kwa miguu, upande mmoja wa barabara, motari waweze kupita. Hatufungi njia ya mtu siku ambapo tunadai njia. Hakuna jiwe, hakuna tairi. Polisi akikuzuia, ketini chini, uliza jina lake kwa heshima. Barua itapokelewa na ofisi ya gavana, nakala itaenda kwa wabunge wa jimbo, na tutangojea mhuri wa kupokelewa mkononi kabla ya kuondoka, hata kama ni mpaka jioni.

Kitu kimoja cha kubeba. Tafuteni nyumbani, ndani ya mifuko ya makoti, katikati ya Biblia, chini ya godoro: kila karatasi ya Go Pass uliyowahi kulipa, wewe, mama, mjomba. Tunazibandika zote juu ya ubao mmoja, tarehe kwa tarehe. Aliye na ndugu Shabunda, amuombe atume picha ya zake kwa telefone, na picha ya uwanja kama ulivyo leo baada ya mvua. Mwenzetu ameshaleta ya kwanza. Ni ile ya Jumanne.